Je, nyanya za kopo zinaweza kuchukua nafasi ya machungwa?

Swali: Shikamoo mtaalamu. Naishi na mama yangu ambaye ana shinikizo la damu, na mimi ndiye mnunuzi na mpishi wa nyumbani. Nyanya za kopo hazikosekani kabatini kwa sababu haziozi; machungwa nayanunua mara moja moja. Rafiki yangu ananiambia nyanya ni tunda kama matunda mengine, tena zikiwa za kopo zinakinga saratani kuliko mbichi, kwa hiyo machungwa naweza kuachana nayo. Dada yangu naye anashikilia kwamba chakula cha kopo kimekufa, hakina vitamini yoyote, na kwamba chungwa moja lina faida kuliko makopo kumi. Nani yuko sahihi? Na yale maji yaliyomo ndani ya kopo, niyamwage au niyatumie?

Jibu: Marahaba. Dada yako amelionea kopo, rafiki yako amelidharau chungwa, na wote wawili wamesahau kitu kinachomhusu mama yako kuliko vitamini zote, yaani chumvi. Nitafika huko. Kwanza tuliweke sawa swali lenyewe, maana lilivyo lina mtego.

Ukiweka chungwa upande huu na nyanya za kopo upande ule, unalinganisha mambo mawili kwa mpigo. La kwanza ni tofauti ya mmea na mmea. La pili ni tofauti ya chakula kilivyotoka shambani na chakula kilichopita kiwandani. Chungwa likishinda kwa jambo fulani, mtu husema papo hapo kwamba kopo limeua lishe. Huenda kopo halihusiki kabisa. Njia pekee ya kujua ni kumwita shahidi wa tatu, yaani nyanya ambayo haijapikwa, na kuangalia yeye alikuwa na nini kabla ya kuingia kiwandani.

Tuanze na vitamini C, kwa kuwa ndiyo inayolipa chungwa jina lake. Gramu 100 za chungwa lililomenywa zina takriban miligramu 53. Nyanya mbichi, uzito uleule, zina takriban miligramu 14. Nyanya za kopo zina kama miligramu 9 hadi 12, kutegemea aina na kiwanda. Tazama pengo lilipo. Kati ya chungwa na nyanya mbichi kuna karibu miligramu 40. Kati ya nyanya mbichi na za kopo kuna miligramu chache tu. Kopo halikuiba vitamini C ya nyanya. Nyanya haikuwahi kuwa nayo nyingi.

Kwa nini hasara ya kiwandani ni ndogo, ilhali sote tumefundishwa kwamba moto huharibu vitamini C? Sababu ni mbili. Adui mkubwa wa vitamini C ni joto likishirikiana na hewa, na kopo hufungwa baada ya hewa kuondolewa. Halafu nyanya zina uchachu, na vitamini C hustahimili zaidi penye asidi. Uchachu huohuo unapunguza pia adhabu ya moto: vyakula visivyo na asidi ya kutosha, kama nyama au maharage, vikiwekwa kopo lazima vipikwe kwa mvuke wenye shinikizo, kwenye joto linalokaribia nyuzi 120 za Selsiasi, ili kuua mbegu za bakteria wa botulini, wanaotoa sumu kali ndani ya chakula. Nyanya, hasa zikiongezewa asidi ya sitriki kidogo, huwa chini ya pH 4.6 (kipimo cha asidi, namba ikiwa ndogo asidi ni kali zaidi), ambapo bakteria huyo hawezi kukua, kwa hiyo joto la kuchemka kwa maji linatosha. Ukisoma orodha ya viambato ukakuta asidi ya sitriki, usishtuke. Ni asidi ileile inayolipa limau ukali wake, na kazi yake hapo ni usalama wako.

Hii habari ya kopo «lililokufa» ilikwishajibiwa zaidi ya miaka 100 iliyopita, tena katika mazingira ambayo kosa lingegharimu maisha. Mwishoni mwa miaka ya 1910, Alfred Hess, daktari wa watoto wa New York, alikuwa akipambana na kiseyeye, ugonjwa wa fizi kuvimba na kutoka damu unaoletwa na upungufu wa vitamini C, kwa watoto wachanga walionyweshwa maziwa ya ng'ombe yaliyopashwa moto ili kuua vijidudu. Maziwa hayo yaliwakinga na magonjwa ya kuambukiza, lakini moto ulikuwa umepunguza vitamini C ambayo tangu mwanzo ilikuwa haba. Tiba iliyojulikana ilikuwa maji ya machungwa. Hess na mwenzake Lester Unger wakaonyesha kwamba nyanya za kopo zilizochujwa zinaweza kufanya kazi hiyohiyo, na kwa gharama ndogo. Kumbuka kwamba wakati huo hakuna aliyekuwa ameiona vitamini C yenyewe. Albert Szent-Györgyi aliitenga mwaka 1928, na Tuzo ya Nobel ikamfuata mwaka 1937. Hess alikuwa akiangalia tu fizi za watoto zikipona. (Simpendekezei mtu kumpa mtoto mchanga nyanya za kopo leo. Miezi 6 ya mwanzo maziwa ya mama yanatosha.)

Kwa hiyo nyanya za kopo zinazuia kiseyeye. Lakini kuzuia kiseyeye ni kazi nyepesi: miligramu 10 za vitamini C kwa siku zinatosha kuuweka ugonjwa huo mbali. Mwili wenye afya unahitaji zaidi ya hapo. Mapendekezo ya Shirika la Afya Duniani pamoja na shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, FAO, ni miligramu 45 kwa siku kwa mtu mzima. Marekani wanapendekeza 75 kwa mwanamke na 90 kwa mwanamume, na mvutaji sigara aongeze 35 juu yake. Chungwa moja la wastani, ambalo likishamenywa lina gramu 130 hivi, linatoa takriban miligramu 70. Limekaribia kuimaliza hesabu ya siku peke yake. Nusu ya kopo la gramu 400 inatoa kama miligramu 20, na hiyo ni kabla hujaitia sufuriani ikachemka tena nusu saa bila kifuniko.

Hapo rafiki yako ameshindwa. Ili upate kwenye nyanya za kopo vitamini C iliyomo kwenye chungwa moja, ungehitaji kula karibu kopo zima na nusu, au zaidi. Hakuna anayefanya hivyo kila siku, na kama kopo lina chumvi mama yako asijaribu kabisa.

Tena chungwa lina faida ambayo haionekani kwenye jedwali: huliwa bila kupikwa. Kilichoandikwa ndicho unachokipata. Nyanya za kopo karibu zote huishia jikoni. Na kwa sababu mwili hauna ghala kubwa la vitamini C, kula machungwa 6 Jumapili hakukupi akiba ya wiki. Kiasi kikizidi, utumbo hufyonza sehemu ndogo zaidi na figo hutoa kilichobaki kwenye mkojo. Chungwa moja leo na moja kesho ni bora kuliko fungu zima kwa mkupuo. Kwa desturi yako ya kununua «mara moja moja», hilo ndilo badiliko la kwanza ningeliomba.

Sasa nyanya nazo zipewe haki yao, maana hapa ndipo kopo linapofanya kitu ambacho wengi hawakitarajii.

Rangi nyekundu ya nyanya inatokana na laikopini, ndugu wa ile rangi ya karoti. Ndugu, ila si pacha: rangi ya karoti mwili unaweza kuigeuza kuwa vitamini A, laikopini hauwezi. Machungwa ya kawaida karibu hayana laikopini. Yapo ya nyama ya waridi, aina ya Cara Cara iliyogunduliwa Venezuela mwaka 1976, ambayo rangi yake ni laikopini kweli. Yale mekundu kama damu yana rangi ya jamii nyingine kabisa. Lakini chungwa ulilozoea, la manjano ndani, haliwezi kushindana na nyanya hapa.

Katika nyanya mbichi laikopini imefungiwa ndani ya seli, imejikunja katika vijichembe vigumu vinavyopita tumboni bila kuachia sana kilichomo. Moto huvunja kuta za seli na kubadilisha kidogo umbo la laikopini, ikawa rahisi kufyonzwa. Mwaka 2002 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walipasha nyanya joto la nyuzi 88 za Selsiasi kwa dakika 2, 15 na 30. Vitamini C ilipungua kwa takriban asilimia 10, 15 na 29. Laikopini iliyoweza kupimwa ilipanda kwa asilimia 54 baada ya dakika 2, na kwa zaidi ya asilimia 160 katika vipimo viwili vilivyofuata. Haikuzaliwa laikopini mpya sufuriani. Ni ileile iliyokuwa imejificha ikatoka. Utafiti wa awali, wa mwaka 1997, ulikuwa umeligusa jambo hilo kwa watu wenyewe: waliokula nyanya zilizokolezwa (ile nzito tunayoiita tomato ya kopo, si nyanya nzima wala vipande) pamoja na mafuta ya mahindi walionekana na laikopini nyingi zaidi kwenye damu kuliko walipokula nyanya mbichi zenye kiasi kilekile cha laikopini na mafuta yaleyale.

Mafuta hayo hayakuwekwa kwa ajili ya ladha. Laikopini huyeyuka kwenye mafuta, haiyeyuki kwenye maji. Nyanya za kopo zilizochemshwa bila tone la mafuta zinakupa sehemu tu ya kile kilichomo. Kijiko kimoja cha mafuta ya mimea kwenye sufuria kinatosha, si lazima zielee.

Hapa nimsahihishe rafiki yako mara mbili. Kwanza, nyanya za kopo za kawaida, nzima au zilizokatwa, hazina laikopini nyingi kuliko mbichi kwa uzito. Zote zinazunguka kwenye miligramu 2.5 hadi 3 kwa gramu 100. Kilichobadilika ni urahisi wa mwili kuichukua. Yenye nyingi kwelikweli ni ile iliyokolezwa, karibu miligramu 28 kwa gramu 100, kwa sababu maji yake yameondolewa. Pili, hili neno «zinakinga saratani». Ni kweli kwamba tafiti za kufuatilia watu kwa miaka mingi zimewahi kuona wanaume wanaokula nyanya zilizopikwa mara kwa mara wakipata saratani ya tezi dume kwa uchache zaidi. Lakini kufuatilia watu si sawa na kuthibitisha sababu. Anayekula nyanya nyingi huenda pia anakula mboga nyingi, anatembea zaidi, havuti sigara. Mwaka 2005 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilipitia ushahidi uliokuwepo kwa ombi la waliotaka kuandika madai hayo kwenye bidhaa, na ikaona ushahidi ni mdogo sana na bado wa awali. Mimi mwenyewe nakula nyanya zilizopikwa kwa furaha. Kuziita dawa ya saratani siwezi, na mtu akikuuzia vidonge vya laikopini kwa jina hilo, mkwepe.

Kuna eneo jingine ambalo chungwa linaongoza kimyakimya, na halizungumzwi kwa sababu halina rangi ya kuvutia: folati. Hii ni vitamini ya jamii ya B inayohitajika kutengeneza damu na, kwa mjamzito, kuunda uti wa mgongo na ubongo wa mtoto katika wiki za mwanzo kabisa. Chungwa lina takriban mikrogramu 30 kwa gramu 100. Nyanya za kopo hazifikii nusu ya hapo. Mahitaji ya mtu mzima ni mikrogramu 400 kwa siku, kwa hiyo hata chungwa ni mchango tu, na anayetarajia ujauzito bado anatakiwa kumeza vidonge vya asidi ya foliki kama anavyoelekezwa kliniki.

Nyuzinyuzi: chungwa gramu 2.4 kwa gramu 100, nyanya za kopo kati ya 1 na 2. Usilikwangue sana chungwa kwa kisu, ule utando mweupe chini ya ganda una sehemu nzuri ya nyuzinyuzi zake. Kalsiamu: chungwa miligramu 40, za kopo karibu 30. Hapa kuna kichekesho kidogo, maana nyanya mbichi ina 10 tu. Kiwanda huongeza kloridi ya kalsiamu ili vipande visivurugike, na bila kukusudia kinakuongezea kalsiamu. Kwa hiyo kopo halipunguzi tu, wakati mwingine linatia.

Sukari na nishati zinataka maelezo zaidi kidogo. Gramu 100 za chungwa zina kilokalori 47 na sukari gramu 9 hivi. Nyanya za kopo zina kilokalori 20 au chini yake, na sukari isiyozidi gramu 3. Watu wenye kisukari wakiyaona hayo hukimbilia kusema chungwa ni hatari. Sivyo. Sukari ya chungwa zima iko ndani ya seli, imezungukwa na nyuzinyuzi na maji mengi, na hupanda taratibu kwenye damu. Kinachobadilisha mambo ni kulikamua. Glasi ya mililita 250 ya maji ya machungwa ina vitamini C ya kutosha na kuzidi, lakini ina sukari kama gramu 21 na nyuzinyuzi karibu zote zimebaki kwenye chujio. Shirika la Afya Duniani huhesabu sukari ya juisi katika kundi moja na sukari ya kuongeza, hata kama umekamua mwenyewe na hukutia kijiko. Sukari ya tunda zima haiwekwi kwenye kundi hilo. Unaponisikia nikisema chungwa, basi, namaanisha chungwa la kumenya na kutafuna.

Kwa mama yako sasa. Shinikizo la damu lina madini mawili ya kuangalia, sodiamu na potasiamu, na kwa sehemu kubwa hufanya kazi kinyume: sodiamu ikizidi, presha hupanda, potasiamu ikitosha, husaidia kuishusha. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asifikishe miligramu 2,000 za sodiamu kwa siku, ambazo ni sawa na gramu 5 za chumvi, na apate angalau miligramu 3,510 za potasiamu.

Kwa potasiamu, chungwa na nyanya za kopo karibu ziko sawa kwa uzito, miligramu 180 na 190 hivi kwa gramu 100. Lakini mtu hali gramu 100, anakula sahani. Chungwa moja litampa kama 235. Nusu kopo itampa kama 380, tena kwa nishati ndogo kuliko ya chungwa. Kwa hesabu hiyo nyanya za kopo zingekuwa rafiki mzuri wa presha, kama si chumvi.

Chungwa halina sodiamu ya kutajwa. Nyanya za kopo zisizotiwa chumvi nazo zina kidogo mno, miligramu 10 hivi kwa gramu 100. Zilizotiwa chumvi zinaruka hadi 120, 140 au zaidi, na kopo kwa nje halionyeshi tofauti; picha ya nyanya ni ileile, nyekundu inayong'aa. Nusu kopo la namna hiyo linamletea mama karibu miligramu 250 za sodiamu kabla hujanyunyiza chumvi yako mwenyewe, ambayo najua utainyunyiza. Wapishi wengi tunatia chumvi kwa mazoea ya mkono, hatuonji kwanza.

Kwa hiyo geuza kopo usome. Tafuta maneno ya kwamba halina chumvi iliyoongezwa. Lebo nyingine huandika sodiamu na nyingine huandika chumvi, na hapo watu wengi huchanganyikiwa: ukitaka kujua chumvi, zidisha sodiamu kwa 2.5. Miligramu 140 za sodiamu ni kama miligramu 350 za chumvi. Ukipata la chumvi tu dukani, linunue likiwa ndilo lililopo, kisha sufuria hiyo usiitie chumvi nyingine yoyote, na vitunguu na viungo vibebe ladha. Nyanya zina glutamati ya asili, ile inayofanya chakula kiwe na utamu wa mchuzi, kwa hiyo zinavumilia uchache wa chumvi kuliko vyakula vingi.

Na usiichanganye nyanya ya kopo na jamaa zake wa chupa. Kechapu ina sodiamu karibu miligramu 900 kwa gramu 100 na sukari kama gramu 21. Iko kwenye rafu ileile na ina rangi ileile, lakini kwa mtu wa presha ni chakula kingine kabisa. Michuzi iliyokwisha kuungwa kiwandani iko mahali fulani katikati, na kila mmoja usomwe peke yake.

Jambo moja la kumuuliza daktari wake, nalo ulifanye kabla hujaongeza nyanya na machungwa kwa wingi: figo zake ziko vipi, na anameza dawa gani? Figo zikiwa dhaifu hushindwa kutoa potasiamu iliyozidi. Baadhi ya dawa za presha, kama enalapril, lisinopril, losartan na hasa spironolactone, nazo huifanya potasiamu ibaki mwilini. Kwa mtu mwenye figo nzima, chungwa na sahani ya mchuzi wa nyanya si tatizo. Kwa mwenye figo zilizochoka, machungwa, nyanya, na zaidi ya yote nyanya zilizokolezwa zenye potasiamu karibu miligramu 1,000 kwa gramu 100, huhitaji kupimwa. Balungi nalo liulizie kwa jina lake. Linaingiliana na dawa za presha kama felodipine na nifedipine, zikazidi nguvu kwenye damu. Machungwa matamu ya kawaida hayana tabia hiyo.

Huenda dada yako, akisikia yote haya, akahamia kwenye kopo lenyewe. Ana haki ya kuuliza. Ndani ya makopo mengi kuna utando wa kuzuia asidi isile chuma, na kwa miaka mingi utando huo ulitengenezwa kwa kemikali iitwayo bisfenoli A. Wataalamu hawajakubaliana juu ya kiasi gani ni salama: mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilishusha kiwango chake mwaka 2023 hadi kidogo mno, na Desemba 2024 Umoja wa Ulaya ukapitisha marufuku ya kemikali hiyo kwenye vifungashio vya chakula, pamoja na muda wa viwanda kujirekebisha. Viwanda vingi vilikuwa vimekwisha kubadilisha utando kabla ya hapo. Ukitaka kuondoa wasiwasi, nyanya za chupa ya kioo au za boksi la karatasi zina lishe ileile. Mimi kwa presha ya mama yako ningeihangaikia chumvi kwanza.

Kwa meza yenu ningepanga hivi: mchuzi wa nyanya za kopo zisizo na chumvi, wenye mafuta kidogo, mara kadhaa kwa wiki, na chungwa karibu kila siku, likiliwa pamoja na mlo wenyewe. Nasisitiza pamoja. Vitamini C husaidia utumbo kufyonza madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage, mboga za majani na nafaka, ambayo bila msaada hufyonzwa kwa shida, lakini inafanya hivyo ikikutana nayo tumboni wakati mmoja. Chungwa la saa 4 asubuhi halilisaidii sana harage la usiku. Machungwa hayaharibiki haraka kama unavyohofia. Ganda na asidi vinayalinda, na kwenye friji hukaa wiki kadhaa bila kupoteza vitamini C nyingi. Likishakatwa, lile siku hiyo.

Ukiwa na vidonda vya tumbo au kiungulia, chungwa na nyanya vyote viwili ni vichachu na vinaweza kukuchokoza. Punguza kile kinachokusumbua, usisubiri mtu akuambie ni kipi.

Maji ya kopo usiyamwage. Si maji ya kuoshea, ni juisi iliyotoka kwenye nyanya zenyewe wakati wa kupashwa moto, na sehemu ya vitamini C na potasiamu, ambazo huyeyuka kwenye maji, imehamia humo. Chumvi ya kiwandani nayo imeyeyuka humo, lakini imeingia pia kwenye nyanya, kwa hiyo kuyamwaga hakukuokoi na chumvi kama unavyoweza kudhani. Kunakuondolea tu kilicho kizuri. Ukifungua kopo usilimalize, hamishia kilichobaki kwenye chombo cha kioo au plastiki chenye kifuniko, maana asidi ikishakutana na hewa huanza kuyeyusha metali kwa kasi zaidi, na ukitumie ndani ya siku 3 au 4 kikiwa kwenye friji. Kopo lililovimba, linalovuja, au linalorusha povu ukilifungua, usilionje hata kwa ncha ya ulimi. Litupe lilivyo.